Ufunguo mmoja, maghala mengi

Mkulima wa ufuta wa Kilwa siku hizi haoni fedha taslimu mnadani. Mzigo unapimwa AMCOS, unaingia ghala kuu kwa stakabadhi ghalani, unauzwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa (TMX), na malipo yanaingia benki. Kumbukumbu za vyama nazo zinahamia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Daftari la karani linastaafu, na wanaolisikitikia zaidi ni wenye kangomba.

Ila kompyuta ina mambo yake. Ofisi nyingi, kwa kukwepa kukariri maneno ya siri kumi, hutumia moja linalofungua barua pepe, hesabu na orodha ya wanachama kwa mpigo, vyote vikiwa kwenye seva za mbali. Anayeliiba havunji kufuli. Anaingia kama karani mwenyewe, na mfumo unampokea.

Wakubwa wameyaonja. Mwaka 2023 kampuni ya Okta ya Marekani, ambayo biashara yake ni huduma hiyo hiyo ya ufunguo mmoja, iliingiliwa kwa neno la siri lililohifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi wake. Kwa mteja wake 1Password, mambo yalifichuka Septemba 29 pale mtumishi alipopokea barua pepe kuhusu ripoti ya wasimamizi ambayo hakuiomba, akatoa taarifa. Okta ilitangaza wiki tatu baadaye.

Kwa mtazamo wetu, jicho kama hilo halihitaji fedha nyingi. Karani anaingiaje saa 8 usiku wakati ofisi imefungwa tangu jioni? Aliyeingia akiwa Nangurukuru anaonekanaje Dar es Salaam nusu saa baadaye? Hatari kubwa kuliko zote ni akaunti ya benki ya mkulima kubadilishwa kati ya mnada na siku ya malipo. Badiliko hilo lisipite bila watu wawili kuidhinisha, na mwenyewe apigiwe kwa namba yake ya zamani. Orodha ya walioingia isomwe na kamati ya usimamizi, karani asijikague.

Mkulima naye ana namba ya NIDA, ambayo ndiyo iliyosajili laini zake za simu kwa alama za vidole. Apige *106# kabla ya mnada wa kwanza aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Asiyoitambua aipeleke kwa kampuni ya simu ifutwe, na ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" autume 15040.