Mafuriko ya Rufiji na Kibiti: Nani Anabeba Dhima ya Roho Zilizopotea?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Amma ba'd. Tumepigiwa simu na mama mmoja wa hapa Unguja. Kaka yake alikuwa akilima mpunga upande wa Muhoro, Rufiji. Mwezi wa Aprili 2024, Ramadhani ikikaribia kumalizika, maji yalipanda kuliko walivyozoea, naye akatoka na mtumbwi kwenda kuangalia mali yake shamba. Hakurudi. Tulidhani mama huyu atatuuliza mambo ya mirathi au ya eda ya mjane. Hakuuliza hayo. Alisema: "Sheikh, mimi nataka kusamehe, lakini nimsamehe nani?"

Hatukuwa na jawabu ya kumpa kwenye simu. Tulimwombea marehemu tukamwahidi kuwa tutalitazama suala lake, na makala hii ndiyo ahadi hiyo.

Rufiji na Kibiti si mbali na sisi. Boriti zinazoshikilia dari za nyumba kongwe za Mji Mkongwe nyingi zilikatwa kwenye mikoko ya delta ile, zikapakiwa majahazini hadi hapa, na nyengine zikapitiliza hadi Omani na Ghuba. Vijiji vya delta, kama Salale, Mbuchi na Kiongoroni, ni vijiji vya Waislamu, na wengi wetu tuna shangazi au mjomba huko, au Mafia kwa kupitia Nyamisati. Basi yanayowafika wale yametufika sisi.

Watu wa kule wanayajua mafuriko. Wanayo kumbukumbu ya mwaka 1968, ya 1974 na ya El Niño ya 1998. Wana kilimo chao cha mlau, kinachosubiri maji yapungue ndipo mbegu ziingie kwenye udongo uliobaki na unyevu, na wana madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mto kwao ulikuwa jirani mkali lakini mwenye tabia inayojulikana.

Jambo jipya ni kwamba sasa mkono wa binadamu umewekwa juu ya mto huo. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mkataba wake na kampuni mbili za Misri ulitiwa saini Disemba 2018, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Disemba 2022. Ujazo wake ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na mitambo yake imepangiwa kuzalisha megawati 2,115. Mtambo wa mwanzo uliwashwa Februari 2024, miezi miwili tu kabla ya mafuriko tunayoyazungumzia. Msimu ule mvua zilikuwa kubwa nchi nzima. Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwishoni mwa Aprili kwamba watu 155 wamefariki nchini kote na zaidi ya watu 200,000 wameathirika.

Kuhusu Rufiji na Kibiti, kauli zilikuwa mbili. Serikali ilisema chanzo ni mvua, na kwamba bwawa kwa hakika lilisaidia kuzuia maji kwa muda kabla ya kulazimika kuyaruhusu yapite. Wananchi wengi, na baadhi ya wanasiasa, walisema maji yaliyowazamisha ni yaliyofunguliwa bwawani. Sisi si wahandisi, na haitupasi kumtuhumu mtu kwa dhana. Inawezekana kabisa kuwa bila ya bwawa mambo yangekuwa mabaya zaidi. Linalotushughulisha ni jengine. Mzozo ule ulikwenda Bungeni, mikutanoni na kwenye simu za watu, kila upande ukabaki na lake. Hatukusikia mahali ambapo mtu aliapishwa akaulizwa: mlijua lini kuwa maji yatashuka? Mlimwambia nani, kwa njia gani, na taarifa ile ilimfikia mkulima wa Muhoro au iliishia mezani kwa mkuu fulani?

Maswali hayo ni ya jinai, na sheria yetu inayaona kwa tabu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 195, inalo kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini kosa lile limejengwa juu ya mtu mmoja: mkono wake, akili yake, uzembe wake. Dereva aliyelala kwenye usukani anaenea vizuri ndani ya kifungu hicho. Kampuni haieneni. Haina mkono, haina akili, na jela hakuna mlango wa kuiingizia. Kwa hiyo kila panapotokea msiba mkubwa, sheria humtafuta aliyekuwa karibu zaidi na maiti: nahodha, fundi, mlinzi wa zamu. Aliyepanga ratiba ya zamu, aliyekataa kununua kifaa, aliyepokea barua ya onyo akaiweka kwenye faili, hao huwa mbali.

Nani anayajua haya kuliko sisi wa visiwani? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiwango. Maiti zilizopatikana zilikuwa zaidi ya 200, na familia ngapi hadi leo hazina kaburi la kulizuru. Hata mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Kila nyumba ilizungumza kuhusu nahodha. Wachache walizungumza kuhusu mfumo unaoruhusu tiketi kuuzwa bila ya hesabu.

Waingereza nao walipita njia hiyo hiyo, na kwa meli pia. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, mlango wake wa mbele ukiwa wazi. Baharia aliyepaswa kuufunga alikuwa amelala. Watu 193 walikufa. Uchunguzi ulibaini kuwa manahodha walikwishaomba taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na ofisi haikuwasikiliza. Kampuni ilishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1990 kesi ikaanguka, kwa sababu mahakama ilitaka apatikane kiongozi mmoja wa juu ambaye kosa lote liko kichwani mwake. Uzembe ulikuwa umegawanywa vipande vipande kwa watu wengi, na kila mmoja kipande chake kilikuwa kidogo mno kuitwa jinai.

Iliwachukua miaka ishirini kulitatua hilo. Sheria yao ya 2007, iliyoanza kazi Aprili 2008, haimtafuti mtu mmoja. Inauliza: je, namna viongozi wa juu walivyoiendesha taasisi ilikuwa sehemu kubwa ya uzembe uliokithiri, na uzembe huo ukasababisha kifo? Ikiwa ndiyo, taasisi yenyewe ina hatia. Inatozwa faini isiyo na ukomo, inaweza kuamriwa irekebishe kasoro zake na itangaze hadharani kuwa imetiwa hatiani. Sheria ile inazigusa hata idara za serikali, ingawa kwa mipaka. Si sheria kamilifu. Hukumu ya mwanzo, mwaka 2011, iliangukia kampuni ndogo baada ya mfanyakazi wake kufukiwa na shimo la uchunguzi wa udongo, na wakosoaji wanasema nyavu ile inanasa dagaa, papa wanapita.

Karibu na kwetu, Solai katika kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka tarehe 9 Mei 2018 likaua watu 48. Wenye dhamana walishitakiwa kwa kuua bila kukusudia mwaka huo huo. Mwaka 2020 hakimu akawaachia kwa kuwa upande wa mashitaka haukuwa tayari kuendelea, na mvutano ukabaki mahakamani. Na mwaka huo huo wa 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, Ukerewe, watu 228 wakafa. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101. Mwenye kivuko alikuwa wakala wa serikali. Tunaitaja ajali hii kwa makusudi, maana wabunge wetu wakija kutunga sheria ya kampuni za watu binafsi peke yake, watakuwa wameacha nje mabwawa, vivuko na mitambo ambayo mwenyewe ni dola.

Sasa turudi kwenye fiqhi, maana wapo vijana wanaotuambia kuwa habari za kampuni na dhima ni mambo ya Wazungu na wanazuoni wetu hawakuyajua.

Katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi'i, milango ya dhamana, ipo mas-ala inayofanana na bwawa kama pacha. Mtu amemwagilia shamba lake, maji yakapenya kwenye tundu la panya yakaharibu mazao ya jirani. Je, atalipa? Wanazuoni wanasema: ikiwa amemwagilia kwa kiwango cha kawaida na hakulijua tundu lile, hana dhamana. Ikiwa amepitisha kiwango, au alilijua tundu na asichukue tahadhari, analipa. Tazama walivyoliweka sawa. Hawakumlaumu mtu kwa kuwa na maji, wala kwa kuwa jirani ameumia. Walitazama ujuzi na tahadhari. Alijua? Alifanya nini baada ya kujua? Ndiyo yale yale tunayotaka mtu aapishwe ayajibu kuhusu Rufiji.

Na dola haikuachwa nje. Mwaka wa 8 Hijria Khalid bin Walid (Allah amridhie) alitumwa kwa Banu Jadhima, wakauliwa watu kwa kutofahamiana maneno. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alijitenga mbele ya Allah na kitendo kile, kisha akampeleka Ali (Allah amridhie) na mali, akalipa diya ya kila aliyeuliwa na thamani ya kila kilichopotea, hata chombo cha kunywea mbwa. Hakuna aliyesema kuwa jeshi ni la dola na dola haidaiwi.

Lipo na jengine ambalo huwa tunawasomesha wanafunzi kwa haraka, na tunakiri kuwa tulikuwa hatulipi uzito wake. Suratun-Nisaa, aya ya 92, inaweka mambo mawili kwa anayeua kwa makosa: diya kwa watu wa marehemu, na kafara ya kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Kwa Mashafi'i kafara hii inamfika hata aliyesababisha tu, kama aliyechimba kisima njiani bila ya haki, mtu akatumbukia. Na wakishirikiana wengi katika kifo kimoja, diya inagawanywa baina yao, lakini kafara haigawanywi. Kila mmoja anadaiwa kafara yake kamili. Basi yule aliyesema kipande chake kilikuwa kidogo, kwa mahakama ya 1990 alisalimika, kwa fiqhi ana miezi miwili ya kufunga.

Hapa ndipo tunapoona sheria ya Waingereza ina pengo kwa upande mwengine: haimgusi kiongozi mwenyewe. Faini inaweza kulipwa na kampuni, lakini kampuni haifungi wala haitubii. Na ikiwa ni shirika la umma, faini itatoka kwenye mfuko ule ule unaojazwa na wananchi. Mkulima wa Kibiti atajilipa mwenyewe kupitia bili ya umeme.

Kwa hiyo tukiulizwa na wabunge wa Dodoma au wajumbe wa Baraza letu la Wawakilishi (na ni lazima waulizwe wote wawili, maana Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu ya mwaka 2018, na itakayotungwa Dodoma kwa jambo lisilo la Muungano haivuki bahari wenyewe), tungesema hivi. Sheria iwepo, na iguse shirika la umma kama inavyogusa kampuni. Kutotoa onyo kwa mtu aliye hatarini kwa lugha na njia itakayomfikia kuwe ni sehemu ya kosa, si kasoro ya utawala. Fidia kwa warithi ije mbele ya faini kwa serikali, kwani katika dini yetu diya ni haki ya watu wa marehemu na hazina haina fungu ndani yake. Na kiongozi aliyejua akanyamaza ashitakiwe kwa jina lake, pamoja na taasisi, si badala yake. Kuhusu uchunguzi wa vifo, usifanywe na chombo kilicho chini ya wizara inayomiliki mtambo. Hili halihitaji dalili ndefu. Kadhi hahukumu kesi yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa sheria kama hii itawatisha wawekezaji na kuchelewesha maendeleo. Tunawajibu kwa taa. Umeme wa Unguja na Pemba unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na sasa sehemu ya umeme wa gridi ile inatoka Rufiji. Feni iliyo juu ya kichwa chako unaposoma haya huenda inazungushwa na maji yale. Kanuni ya fiqhi ni kuwa anayekula faida ndiye anayebeba gharama, na sisi ni katika wanaokula faida. Hatuwezi kuwa upande wa feni tukakaa kimya upande wa mtumbwi.

Ama wewe mama yetu, suala lako tunalijibu kwa kadiri ya elimu yetu. Kaka yako amekufa kwa kuzama, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amemhesabu aliyezama miongoni mwa mashahidi. Tunamtarajia hilo kwa Allah. Kuridhia qadar ya Allah ni wajibu wako na umeshaitimiza, in shaa Allah. Lakini kusamehe haki ni jambo jengine, na haki haisamehewi kabla ya kujulikana ni ya nani na iko kwa nani. Huna dhambi kwa kusubiri. Huna dhambi wewe na jamaa zako wa Muhoro mkiandika barua kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge wenu mkiuliza kwa adabu: nani alijua, na alijua lini. Wekeni nakala, na majina ya mashahidi wawili waliokuwepo siku ile wakati kumbukumbu bado ipo. Siku utakapojibiwa kwa jina la mtu, hapo utachagua baina ya kudai na kusamehe, na chaguo litakuwa ni lako.

Wallahu a'lam.