Kichupa cha mkojo kabla ya mashine ya figo



Katika barua zinazofikishwa mezani kwetu kamati ya msikiti, iliyo nzito kuisomea jamaa baada ya swala ya Ijumaa ni ile ya kuomba mchango wa kusafisha damu kwa mashine. Mgonjwa huhitaji huduma hiyo mara 2 au 3 kwa wiki, na haikomi mpaka apate figo nyingine au umri wake utimie. Mchango wa Ijumaa moja haufiki mbali. Kwa kuwa kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa kazi, tumeona wiki hii tuzungumzie kipimo ambacho, kikifanywa mapema, huweza kuichelewesha barua hiyo kwa miaka mingi, au isiandikwe kabisa.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo, taka zikatoka, na protini iitwayo albumini hubaki damuni, kwa sababu kichujio kizima hakiipitishi isipokuwa chembe kidogo mno. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hasa ikifuatana na shinikizo la damu, vichujio hulegea na albumini huanza kuvujia kwenye mkojo. Wakati huo mgonjwa haumwi popote. Mkojo haujabadilika rangi wala miguu haijavimba. Wazee wetu wengi husubiri uvimbe au povu la mkojo ndipo waende hospitali, hali ya kuwa dalili hizo ni za mwisho mwisho.

Uvujaji huo mdogo ulianza kupimika mwaka 1963, pale Harry Keen na mwenzake walipotangaza mjini London njia ya kuupima. Mwaka 1984 Mogensen wa Denmark akaonesha kuwa wenye kisukari cha ukubwani wanaovuja kiasi hicho kidogo ndio wanaoelekea kuharibikiwa figo na kufariki mapema. Kwa hiyo kipimo hiki kina habari ya figo na ya moyo pia.

Kinachopimwa ni albumini ikilinganishwa na kreatinini katika mkojo uleule, na mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa zaidi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini ni salama. 30 hadi 300 figo imeanza kuvuja. Zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Maabara nyingine huandika kwa milimoli, na huko 30 huwa karibu na 3. Jibu moja halitoshi kumhukumu mtu, kwani homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi au mazoezi makali huweza kulipandisha. Hurudiwa, na mawili kati ya matatu yakiwa juu ndani ya miezi 3 hadi 6, hapo daktari huamua.

Tunasisitiza hili: kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo huweza kusema "hakuna protini" na uvujaji mdogo ukawapo. Mwenye kisukari cha ukubwani aombe kipimo cha albumini tangu siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mwenye kisukari kinachoanza utotoni huanza baada ya miaka 5. Vipo viashiria vipya vya mkojo vinavyochunguzwa na wataalamu. Visimfanye mtu akiache hiki kilichokwishathibitika.

Na ikigundulika? Sukari na shinikizo vidhibitiwe, na zipo dawa, kama losartani na enalaprili, ambazo hupunguza uvujaji wenyewe. Hizo huandikwa na daktari, wala mke asimeze za mumewe, kwani humdhuru mtoto aliye tumboni. Diklofenaki za kununua dukani kila magoti yanapouma nazo ziachwe. Zinaiumiza figo iliyokwisha choka.

Tumewahi kuulizwa kama kutoa mkojo wa kipimo hubatilisha funga. Hakubatilishi. Lakini ambaye figo zake zimeshadhoofika azungumze na daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwani kukaa bila maji mchana kutwa huweza kumdhuru, na sharia imempa mgonjwa ruhusa.

Liko na jambo la wale wanaopitia msikitini wakielekea maabara. Mkojo ni najisi hata ukiwa ndani ya kichupa kilichofungwa barabara, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, swala ya aliyekibeba mwilini au mfukoni mwa kanzu haisihi. Kitiwe kwenye mfuko, kiachwe nje mahali salama, mtu aswali, kisha akichukue aende zake.