Kisiwa cha Mtu Mmoja

Wapo watoto wa Visiwani leo, wa miaka sita na saba, wanaokijua vyema kisiwa kisichokuwamo katika ramani yoyote ya Bahari ya Hindi. Hawakifikii kwa jahazi wala kwa boti. Huangushwa humo kwa mwavuli kutoka angani, mikono mitupu, pamoja na wenziwao wasiowajua. Kila nyumba wanayoiingia ni ya kutafutia silaha, na kila sura wanayokutana nayo ni ya kupigwa risasi. Ardhi yenyewe huzidi kupungua kadiri dakika zinavyopita, hata wote wasukumwe mahali pamoja, na mchezo haumaliziki mpaka abaki mmoja, au kikosi kimoja. Katika PUBG wanaoanza ni watu 100. Katika Free Fire ni 50. Gemu zote mbili zilitoka mwaka 2017. Ya kwanza iliingia kwenye simu mwaka 2018, na ya pili ilitengenezewa simu tangu mwanzo, nayo haitozwi chochote kuipakua.

Ni ajabu iliyoje kwamba watu waliozaliwa visiwani, ambao maisha yao yote yamesimama juu ya jirani mwenye moto, mwenye chumvi na mwenye ngalawa, wamewaacha watoto wao wafunzwe kisiwa cha namna hii kabla hawajaweza kutumwa dukani peke yao.

Mtoto huyo hakununua simu. Simu ni ya mama, bando limetiwa na baba, na gemu imewekwa na binamu wa sekondari aliyekuja kutembea siku ya Idi. Mzazi akiulizwa ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa darasa la kwanza ni wa kufyatua bunduki kila baada ya Alasiri, jibu hukosekana. Hakuna aliyeamua. Jambo limejipitia lenyewe, kama maji ya mvua yapitavyo uani. Kutoamua huko ndiko kosa linalokusudiwa hapa, tena ni kosa kubwa zaidi kuliko lolote liwezalo kufanywa na mtengenezaji wa gemu aliyeko ng'ambo.

Mabarazani kadhia hii hubishaniwa na makundi mawili, na yote mawili yamepotea njia.

Kundi la kwanza ni la wenye hofu. Kwao, mtoto anayecheza gemu ya bunduki leo ndiye jambazi wa kesho. Hoja hiyo si mpya. Ilisemwa Marekani mwaka 1993, Maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl walipoitisha kikao juu ya michezo kama Mortal Kombat, ambamo mshindi huweza kumng'oa mshindwa moyo au kichwa. Kutokana na msukosuko huo, wenye viwanda waliunda mwaka 1994 chombo chao cha kuzipanga gemu kwa umri. Tangu hapo wataalamu wamechunguza sana, na muuaji aliyetabiriwa hakuthibitika. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walitoa utafiti juu ya vijana 1,004 wa Uingereza. Hawakuona uhusiano baina ya gemu za mapigano na ukorofi wa vijana hao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka kwamba ushahidi hautoshi kuzitwisha gemu lawama ya mauaji, na kwamba kilichothibitika ni uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Basi anayesimama mbele za watu akaapa kwamba gemu huzaa majambazi huwapa wazazi sababu ya kutomsikiliza, kwani kila mmoja wao anamjua kijana aliyezicheza usiku na mchana, na leo ni mwalimu au nahodha.

Kundi la pili huyasikia hayo likafurahi. "Ni mchezo tu," husema, na simu ikarejea mikononi mwa mtoto. Lakini na lisome vyema. Vijana wale wa Uingereza walikuwa wa miaka 14 na 15. Utafiti ule haukumgusa mtoto ambaye bado hulia taa ikizimwa. Kisha, kufoka na kusukumana ni jambo dogo mbele ya hakimu. Kwa mama mwenye watoto watano katika vyumba viwili, hayo ndiyo maisha yenyewe. Na tangu lini mzazi wa Mwambao akatosheka kwamba mwanawe hajaua mtu? Malezi yalikuwa na kipimo kirefu zaidi ya hicho. Mtoto alitakiwa amwamkie mkubwa, ampishe mgonjwa, aone haya. Asiyekuwa muuaji bado hajawa mtu mwenye adabu.

Ipo hoja nzito zaidi ya hizo, nayo inawahusu khasa wapenda ushairi. Mwenye kuitoa atauliza: je, fasihi ya Mwambao haina damu? Utenzi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate, na ambao nakala yake kongwe ni ya mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100, na mada yake ni vita. Ngano za bibi zimejaa mazimwi wanaokula watoto na kutafuna mifupa. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu wazima hupigana kwa migomba hadharani, na wageni huja kutazama. Iweje panga la utenzi liwe fasihi na bunduki ya gemu iwe balaa?

Hoja hii ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2005 sheria ya kukataza kuwauzia watoto gemu za ukatili, na mwaka 2011 mahakama hiyo ikaifuta kwa majaji saba dhidi ya wawili. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kwamba ngano za Grimm wanazosomewa watoto zina malkia aliyevishwa viatu vya moto akacheza hadi kufa, na watoto waliomchoma mtekaji wao ndani ya tanuri.

Jaji Scalia alisema kweli juu ya ngano, ila alisahau kuuliza ni nani anayesimulia. Bibi anaposimulia zimwi, macho yake yapo usoni mwa mjukuu. Akiona mtoto ameanza kutetemeka, hupunguza sauti, humkimbiza zimwi mapema, huingiza wimbo, au husema hadithi imeishia hapo na watu walale. Kituko kile kile humpa mjukuu wa miaka kumi kikiwa kizima, na wa miaka mitano akampa nusu yake. Watoto nao hujibu, huimba pamoja naye, huuliza kwa nini. Utenzi nao husomwa mbele ya watu. Shujaa anayekufa ana jina na ukoo, na yupo wa kumlilia. Hata migomba ya Makunduchi ina siku yake moja katika mwaka, ina wazee wanaoisimamia, ina wanawake wanaoimba pembezoni, na lengo lake ni kumaliza magomvi ya mwaka uliokwisha ili mwaka mpya uingie kwa salama. Mtoto mdogo hapewi mgomba akaambiwa ampige mtu mzima. Husimama kando akatazama mpaka siku yake ifike.

Wenyeji, basi, hawakuikimbia vurugu. Waliijua kuwa ni sehemu ya binadamu, wakaiwekea siku, mipaka na walezi. Gemu inayochezwa na mtoto peke yake kona ya ukumbi, vipaza sauti vikiwa masikioni, haina mlezi hata mmoja. Haimwoni anapotetemeka. Haipunguzi sauti. Anayeuawa hana jina, hana mama, na kufa kwake ni nyongeza ya hesabu juu ya kioo. Hayo kijana wa miaka 16 aweza kuyatenga na dunia yake, kwani dunia yake ameshaijua. Mtoto wa miaka sita bado anaijenga dunia hiyo, na kila kinachomfikia ni tofali.

Hapa ndipo baadhi ya wazazi hukimbilia methali: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii haijapata kuonewa kama inavyoonewa siku hizi. Wahenga walimkusudia mkaidi aliyekwisha kuambiwa, akakatazwa, akaelezwa makali ya chuma, na bado akakataa kusikia. Kukatazwa kumetangulia. Anayempa mtoto wembe bila ya kumwambia neno, kwa sababu tu kilio chake kinamsumbua, amejitafutia kimya cha robo saa. Kwa huyo wahenga waliweka methali nyingine: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wapo watakaosema kwamba wao hawazijui gemu hizi, basi wataamuaje? Wenye kuzitengeneza wamewasaidia. San Andreas, gemu ya mwaka 2004 iliyofika hadi kwenye vibanda vya Mwambao, iliandikwa huko Marekani kuwa ni ya wenye miaka 17 na zaidi. Na mwaka 2005, ilipogundulika kwamba mna picha za ngono zilizofichwa ndani yake, ilipandishwa ikawa ya watu wazima tu. Hayo yalisemwa na wafanyabiashara wenyewe, watu wenye kila sababu ya kutaka kuuza. Lakini onyo lile liliandikwa juu ya kasha, na kwenye kibanda kasha halikufika. Ilifika sahani iliyonakiliwa. Kwenye simu onyo lipo, karibu na jina la gemu, kwa tarakimu mbili ambazo mzazi huzipita kama apitavyo tangazo la zamani ukutani.

Zama za sinema mambo hayakuwa hivyo. Filamu ilipita kwa wakaguzi kabla ya kufika Majestic au Cine Afrique, na mlangoni palikuwa na mtu wa kumtazama mtoto na kumrudisha nyumbani. Wakaguzi wale waliweza kukosea, na mara nyingine walikata kisichostahili kukatwa. Hakuna mpenda sanaa atakayewalilia. Lakini mlango ulikuwepo. Simu haina mlango, wala hakuna serikali itakayoweza kumweka bawabu katika kila mfuko. Hukumu ile ya mwaka 2011 haikusema kwamba gemu za ukatili ni njema kwa watoto. Ilikataa serikali isiwe bawabu. Jaji Clarence Thomas, mmoja wa wawili waliopinga, alishikilia kwamba hakuna haki ya kumsemesha mtoto bila ya kupitia kwa wazazi wake. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote wawili hoja zao zinaishia mlangoni kwa mzazi.

Haki lazima itendeke kwa wazazi pia. Mama anayekaanga vitumbua vya kuuza, huku mtoto mchanga yu mgongoni, hapewi simu ile kwa anasa. Ndiyo yaya pekee aliyempata. Uwanja wa karibu umejengwa maduka, na barabarani bodaboda hazina huruma. Wa kuulizwa kwanza ni baba aliyeko barazani, anayecheza bao hadi Isha na kulalamika kwamba vijana wa leo wameharibika. Bao hilo angeweza kulicheza na mwanawe. Mtoto wa miaka saba anayefundishwa kuhesabu kete na kumtegea baba yake hujifunza kushambulia, kushindwa na kuinuka, na mtu anayemshinda amekaa mbele yake, anamwona akicheka.

Shauri lenyewe ni fupi. Mtoto ambaye hajatimiza umri uliotajwa na wenye gemu asipewe, na jibu liwe hapana, iliyosemwa kwa upole na kuelezwa sababu. Mzazi aicheze kwanza yeye mwenyewe, japo kwa nusu saa, japo vidole vimkatae; hakuna anayemtia mtoto majini pasipojulikana kina. Gemu ichezwe ukumbini mbele za watu, bila ya kuziba masikio, na kila mwenye nyumba awe na haki ya kuuliza: huyu uliyemuua alikuwa amekukosea nini? Kijana akishakua, akaomba, na akaweza kulijibu swali hilo, basi mzazi na aamue kwa kadiri amjuavyo mwanawe. Huenda akamruhusu. Ruhusa hiyo itakuwa imetoka kwa mtu.

Mtoto atalia, naam. Atasema watoto wa nyumba ya pili wanacheza. Atanuna siku mbili, na siku ya tatu ataokota mpira au atakwenda kumsumbua bibi yake kwa vitendawili. Bibi naye, aliyekuwa amekaa kimya na tasbihi yake tangu simu ilipoingia ndani ya nyumba, atauliza kama ilivyokuwa desturi, na watoto watajibu. Katika kisiwa hicho hakuna anayehitaji kubaki peke yake ndipo aitwe mshindi.