Tusimlaumu Fundi Aliyebonyeza 'Ndiyo'

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini hawakutuambia afanye nini mtu anayeulizwa swali kwa lugha asiyoielewa vyema, tena anayeuliza si binadamu bali ni mashine. Jambo hilo lilinijia akilini Aprili 2024, wakati wa masika, nilipokuwa nikiteremka barabara yenye kona nyingi. Katikati ya kona moja, gurudumu la mbele la gari langu lilijifunga breki bila mimi kukanyaga chochote, na gari likayumba hadi upande wa pili wa barabara. Laiti gari jingine lingekuwa linakuja, pengine nisingeyaandika haya.

Siku tatu kabla ya mkasa huo, gari lilikuwa limetoka gereji. Taa ya onyo ya breki ilikuwa imewaka kwa majuma mawili, na fundi wangu, ambaye nimemfahamu kwa miaka mingi, aligundua kwamba kidhibiti cha elektroniki cha breki kilikuwa kimeharibika. Alikifungua, akafunga kingine, akaunganisha kompyuta yake ndogo ya kuchunguzia magari, na taa ikazimika. Nilipomrudia kumweleza yaliyonipata, hakunificha neno. "Mwalimu," aliniambia, "ile mashine ilianza kuniuliza maswali mengi ya Kiingereza kigumu. Nikabonyeza 'ndiyo', 'ndiyo', mpaka ikanyamaza."

Ili tuupime uzito wa jibu hilo, yafaa tukielewe kifaa chenyewe. Breki za kuzuia magurudumu yasikwame, zinazoongozwa kwa elektroniki, ziliingia sokoni mwaka 1978 katika magari ya Mercedes-Benz, zikiwa zimetengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Kila gurudumu huwa na kihisi kinachopima mwendo wake. Gurudumu likikaribia kukwama ilhali gari bado linakwenda, kidhibiti hupunguza shinikizo la mafuta ya breki, kisha hulirejesha, mara kadhaa katika sekunde moja. Mwaka 1995 uliongezwa uwezo mwingine: kidhibiti hulinganisha upande ambao dereva ameuelekeza usukani na upande ambao gari linageukia, na vikihitilafiana, chenyewe hufunga breki ya gurudumu moja ili kulirudisha gari njiani.

Kwa hivyo kidhibiti kipya kinapofungwa, kazi haijaisha. Imefika nusu tu. Kifaa hicho hakijui kimewekwa katika gari gani. Kutegemea aina ya gari, huenda kikahitaji kuambiwa nambari ya chasisi, ukubwa wa magurudumu, na vifaa ambavyo gari hilo linavyo. Kikiwa kimetolewa katika gari jingine kuukuu, chaweza kuja na kumbukumbu za gari hilo. Hatimaye sharti kifunzwe sufuri iko wapi, yaani usukani ulionyooka ni upi na gari lililotulia mahali tambarare likoje.

Hapo ndipo tulipoangukia. Gereji ya fundi wangu iko kwenye mteremko, na siku ile usukani ulikuwa umepinda kidogo. Mashine iliuliza kama gari liko mahali tambarare na kama usukani umenyooka. Fundi akajibu 'ndiyo'. Tangu wakati huo kidhibiti kikaamini kwamba kilichopinda ndicho kilichonyooka. Nilipofika konani, kikadhani gari linaacha njia, nacho kikaja kuniokoa na hatari isiyokuwapo.

Je, fundi huyu ni mjinga? La hasha. Huyu ni mtu anayeweza kusikiliza mngurumo wa injini akiwa hatua kumi mbali na kukuambia ni plagi ipi iliyochoka. Hakushindwa na ufundi, bali na msamiati. Sentensi mbili nyepesi za Kiswahili zingalitosha kuizuia ajali ile iliyonikosa kwa nywele.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia ina lugha yake, nayo ni Kiingereza, na kwamba fundi asiyekijua na atafute kazi nyingine. Sipingi fundi kujifunza Kiingereza. Elimu haina mwisho. Lakini hoja hiyo ina kasoro. Waliokibuni kidhibiti hiki ni Wajerumani. Wajapani, ambao magari yao makuukuu ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, huwaandikia mafundi wao maelezo kwa Kijapani. Kiingereza nacho kilikifikia kifaa hiki kwa njia ya tafsiri. Iwapo kilitafsiriwa humo kwa ajili ya wengine, ni sheria ipi inayomkataza Mswahili naye kutafsiriwa?

Wala tusisingizie uhaba wa maneno. Breki, gia, klachi na plagi hayakusubiri kikao cha wataalamu. Mafundi waliyachukua, wakayapa matamshi yetu, na leo yanasikika kutoka Kirinyaga Road jijini Nairobi hadi gereji ya mwisho kijijini. Wasomi nao hawakulala kabisa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi zetu husafiri kutoka maktaba hadi chumba cha mtihani, kisha hurudi maktaba. Gereji hazifiki.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo haina maana ikiwa lugha hiyo haiwezi kumlinda msafiri aliye ndani ya matatu.

Hapana budi basi walimu wa Kiswahili na walimu wa vyuo vya ufundi waketi meza moja. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za utafiti, badala ya kurudia uchambuzi ambao umekwisha kuchambuliwa, waende gereji, wayakusanye maneno wanayotumia mafundi, wayapange, na kutoa vijitabu vyepesi vya kufuatwa hatua kwa hatua. Kazi hiyo ni ya isimu kama ilivyo nyingine yoyote.

Mimi na fundi wangu tulilisogeza gari hadi mahali tambarare, tukaunyoosha usukani, na maswali ya mashine nikamtafsiria moja baada ya jingine. Safari hii mara mbili alijibu 'hapana', akarekebisha kwanza lililohitaji kurekebishwa, ndipo akaendelea. Kazi haikuchukua robo saa. Kabla sijaondoka aliniomba nimwandikie maswali yale kwa Kiswahili katika karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza ya spana zake. Nilipopita huko majuzi, vijana wawili anaowafunza kazi walikuwa wamesimama mbele yake wakiisoma.