Anayeinua Spea Ndiye Aulizwe



Kuanzia mashamba ya miwa ya upande wa Jinja mpaka ghala za kahawa za Mbale, kampuni nyingi zina gari moja au mawili yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Ni Land Cruiser za kupeleka mafundi, ni pikapu za kubeba dawa ya kupulizia, ni Land Rover za zamani ambazo zimekataa kufa. Meneja anapotaka gari la namna hii liweze njia mbaya, huuliza habari za tairi, huuliza habari za springi, na mwisho hununua chuma cha kubebea tairi la spea. Chuma hicho huchaguliwa ofisini, kwa picha na kwa bei. Dereva na taniboi hulikuta gari limekwisha kufungwa, wakaambiwa: haya, pandeni mwende.

Twasema utaratibu huo haufai. Atakayelala matopeni akifungua spea si meneja. Atakayeinua tairi saa mbili usiku, mvua inanyesha, si karani wa manunuzi. Tena spea ikiibiwa, wa kwanza kuulizwa ni dereva, na wa pili ni askari wa zamu. Basi wenye mgongo wa kuumia na wenye mshahara wa kukatwa ndio waulizwe kabla ya pesa kutoka.

Tuanze na uzito, maana maneno yote yanatoka hapo. Tairi la kipimo cha 7.50-16 pamoja na rimu yake ya chuma huwa kati ya kilo 30 na 40, na likijaa matope huzidi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 127 mwaka 1967 juu ya mizigo inayobebwa na mfanyakazi, na katika Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo lilitaja kilo 55 kuwa upeo wa mzigo wa mwanamume mzima. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, ilikwenda chini zaidi mwaka 1991. Ilisema kilo 23, tena kwa mtu aliyesimama sawasawa, mzigo uko karibu na mwili wake, wala hajipindi.

Tajiri atasema: kilo 40 si 55, mnalalamika nini? Jibu letu ni kwamba mzani hausemi mzigo uko wapi. Kilo 40 kwenye usawa wa goti, watu wawili wameshika, ni kazi ya kawaida. Kilo 40 hizo hizo juu ya paa, mtu mmoja amesimama juu ya bampa lenye utelezi, ni habari ya hospitali. Kwa hiyo paa tunalikataa kabisa. Hata gari lenyewe halipendi uzito juu. Likipita njia iliyoinama ubavuni mwa mlima, huegemea upande wa korongo.

Land Rover za zamani zilibeba spea juu ya boneti. Ni mahali imara, hatukatai, lakini kila makanika anapotaka kutazama maji ya rejeta huinua boneti pamoja na tairi zima, na kijiti cha kuzuia kikiponyoka ni kichwa cha mtu. Wengine hutupa spea nyuma ya pikapu, ikalala bila kamba kati ya magunia na wafanyakazi waliopandishwa humo. Dereva akifunga breki ghafula, gari husimama na tairi huendelea na safari. Kama spea ni lazima ikae ndani ya bodi, basi isimamishwe nyuma ya kichwa cha gari na kukazwa kwa bolti, si kwa kamba ya katani.

Pikapu nyingi zimetoka kiwandani na spea chini ya bodi, inashushwa kwa mnyororo au waya. Kwa gari linalozunguka barabara za miwa zilizo tambarare, maoni yetu ni iachwe hapo hapo. Hakuna kuinua juu, na mlango uko huru. Lakini yafaa mnyororo ushushwe na kusafishwa mara kwa mara, maana matope yakikaukia humo hugeuka kama saruji, na siku ya haja hauzunguki. Taabu yake ya pili ni kwamba tairi la nyuma likiisha upepo gari huinama, na nafasi ya kuitoa spea hupungua. Wenzetu wamelala chali ndani ya maji wakichimba udongo kwa mikono ili tairi lipite. Mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuingia Mbale, kila mtu aliona jinsi barabara inavyoweza kugeuka tope kwa usiku mmoja.

Sisi tulio Nakaloke tunaziona njia za namna mbili. Mbele yetu ni barabara kuu ya Soroti, inayokwenda katika tambarare. Hapo jirani, kuanzia Namunsi, inachepuka njia ya Sironko na Kapchorwa, inayoufuata Mlima Elgon. Ukiacha lami na kupanda kwenye vijiji vya kahawa, njia ni udongo mwekundu, mawe na miteremko. Magari yanayokwenda huko ndiyo hasa yenye haja ya chuma kizuri cha kubebea spea kwa nyuma, na hapo ndipo makosa mengi hufanywa.

Kosa la kwanza ni mlango. Gari lenye mlango wa nyuma wa kufungukia pembeni huja na spea juu ya mlango huo, na kwa tairi la kiwandani, katika njia ya kawaida, hustahimili. Kisha kampuni hununua tairi nene zaidi na rimu pana zaidi, ikazifunga pale pale. Mlango ni bati. Uzito unaning'inia nje, bawaba ziko pembeni, na kila shimo linaupiga mlango kama nyundo. Bati hupasuka kuzunguka bawaba, mlango hushuka, haufungiki mpaka upigwe teke. Fundi huongeza kipande cha bati na kuchomelea, na mwezi ujao hupasuka pembeni ya kile kipande. Hapo fedha inapotea bure. Tairi likiongezwa uzito, lazima litoke mlangoni.

Chuma tunachokikubali ni mkono wa peke yake, unaozunguka kutoka bampa la nyuma, na bampa lenyewe limefungwa kwa bolti kwenye chesi pande zote mbili. Mkono wa namna hii huuzwa madukani, na pia fundi hodari wa kuchomelea aweza kuutengeneza hapa hapa. Hatuwadharau mafundi wetu. Wapo wanaotumia habu na mhimili wa trela kuukuu, wakausimamisha wima, na beringi zake zikawa ndizo mhimili wa mkono. Hiyo ni akili safi, kwa kuwa vitu hivyo viliundwa kubeba mzigo mkubwa kuliko tairi moja, na vinaingia grisi. Mkono unaozungukia bolti tupu ndani ya bomba tupu hulegea upesi, ukaanza kugonga.

Lakini hata mhimili mzuri usiachiwe kazi yote. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami ni kiti cha mkono. Mkono ukifungwa, ncha yake ipande juu ya kipande cha chuma kilichoinama kidogo, chenye mpira, ikae hapo kwa uzito wake. Gari likiwa safarini, mzigo uwe na miguu miwili, yaani mhimili upande huu na kiti upande ule. Mkono usio na kiti huning'inia kwenye mhimili mchana kutwa, na komeo ndilo linalopigana na kila shimo. Ukitaka kuujua, fungua mkono, ushike nchani, uutikise juu na chini. Kisha ufunge, utikise tena. Ukifungwa na bado unacheza, usiununue.

Sasa habari ya mteremko. Gari la kampuni moja, ambayo jina lake tunaliacha, lilipata pancha katika kupanda, pua juu na nyuma chini, limeinama kidogo upande mmoja. Tulifungua komeo, mkono ukaenda wenyewe mpaka mwisho, kisha gari lilipotikisika kidogo ukarudi kwa nguvu zote pamoja na tairi lake. Mwenzetu aliyekuwa ameshika ukingo wa bampa alivunjika vidole viwili. Chuma kile kilikuwa kizuri cha kutazama, kimepakwa rangi nyeusi, kina nafasi za madebe mawili ya mafuta. Kilichokosekana ni pini ya kuuzuia mkono ukisha kufunguliwa, kitu cha bei ya soda. Kwa hiyo tunasema bila kusita: mkono usio na kizuizi cha kuubakiza wazi usifungwe kwenye gari la mlimani, hata ukitolewa bure. Na komeo nalo liwe na pini ya pili, ili la kwanza likifunguka kwa mtikisiko, mkono usiruke mbele ya mtu wa bodaboda anayefuata nyuma.

Kimo chake ni shauri la kupima. Ukiwa chini mno, gari likitoka mtoni nyuma itagota ukingoni. Ukiwa juu mno, tunarudi kwenye ule mgongo wa taniboi. Chini ya tairi pakiwa usawa wa goti au kupita kidogo, watu wawili wataliegemeza mapajani na kulitelezesha kwenye bolti. Tairi lishikwe kwa nati tatu au zaidi kupitia matundu ya rimu, lisifungwe kwa mnyororo. Kisha simama nyuma ya gari hatua kumi: je, waziona taa zote na namba ya gari? Kama tairi limezifunika, askari wa barabarani atamsimamisha dereva, hatakwenda kumtafuta meneja.

Kuhusu kuchomelea, mwambieni fundi asichomelee mkono moja kwa moja kwenye chesi. Moto hulegeza chuma cha chesi mahali pale, na ufa huanzia hapo. Atoboe na kufunga kwa bolti, na sahani nene iwekwe upande wa ndani. Na kabla ya kuwasha moto wake popote katika gari, avue waya za betri, la sivyo jenereta ya gari itaungua na mtaambiwa mliiharibu ninyi.

Baadhi ya matajiri watasema kwamba mambo haya ni ya ufundi, hayahusu chama. Yanahusu sana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi wake, nayo inataja wawakilishi wa usalama na kamati za usalama. Gari ni mahali pa kazi kwa dereva na taniboi kama vile mashine ya kusokota nyuzi ilivyo kwa mwenzao wa kiwandani. Hivyo mwakilishi wa usalama anayo haki ya kuuliza katika kikao: chuma kipi kinanunuliwa, nani amekijaribu, tairi lina kilo ngapi. Mtu akiumia mgongo akiinua spea katika safari ya kampuni, ameumia kazini, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu. Atoe habari kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, wala asingoje maumivu yazidi.

Na ile habari ya wizi. Kila mkono uwe na nati moja yenye kufuli, ufunguo mmoja kwa dereva na mwingine ofisini, na makabidhiano yaandikwe daftarini pamoja na hali ya spea. Kampuni isiyotaka kununua kufuli haina uso wa kumkata mtu mshahara spea inapopotea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Ukikatwa, leta karatasi ya mshahara kwa katibu wa tawi ikiwa bado mpya, pamoja na nakala ya daftari la zamu.

Mkono ukisha kufungwa, dereva na taniboi waujaribu kwanza uwanjani: kushusha tairi, kulirudisha, kufunga, gari likiwa limeegeshwa mahali palipoinama. Wakishindwa uwanjani mchana, mlimani usiku haitawezekana, na chuma kirudishwe dukani kabla risiti haijachakaa. Bolti za mkono mpya hulegea katika safari za kwanza, kwa hiyo likirudi kutoka Kapchorwa mara ya kwanza zikazwe zote kabla gari halijaoshwa, maana mstari wa vumbi jekundu uliopasuka kando ya nati ndio unaoonyesha ni ipi iliyosogea. Grisi ya mhimili iingie kila mwezi, na wakati wa mvua kila wiki. Na msitundike mikungu ya matoke juu ya spea. Tunajua mnafanya hivyo.