Ahadi ya Glasgow na makala ya Bunia: wito kwa raia wa Ituri

Ahadi za Kongo kuhusu mabadiliko ya tabianchi zinasimama juu ya msitu. Zaidi ya nusu ya msitu wa Bonde la Kongo, msitu wa mvua wa kitropiki wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Amazon, iko ndani ya mipaka ya nchi hii. Miti yake na udongo wake huhifadhi hewa ya ukaa ambayo ingepanda angani, nao hurudisha unyevu unaoleta mvua mashambani. Ndiyo sababu nchi isiyo na viwanda vingi ina uzito katika mazungumzo ya dunia.

Ahadi zenyewe zimeandikwa. Kongo iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2017. Mwaka 2021 iliongeza lengo lake la kupunguza gesi joto kutoka asilimia 17 hadi 21 ifikapo 2030: asilimia 2 kwa nguvu zake yenyewe, na 19 kwa sharti la msaada wa nje. Novemba ya mwaka huohuo, mjini Glasgow, nchi ilikubaliana na CAFI, mpango wa kimataifa unaofadhili misitu ya Afrika ya Kati, kuhusu dola milioni 500 za miaka mitano. Kwa upande wake iliahidi kuzuia ukataji usizidi kiwango cha miaka ya 2014 hadi 2018, kuotesha upya hekta milioni 8 za ardhi na misitu iliyochakaa, na kuweka asilimia 30 ya eneo lake chini ya ulinzi.

Ituri ni mahali ahadi hizo zinapopimwa. Katika teritwari ya Mambasa iko sehemu kubwa ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka mmoja tu baadaye iliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo walishambulia kituo chake cha Epulu, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo. Uchimbaji wa dhahabu, mbao zinazovushwa kuelekea Uganda na mashamba mapya bado vinaukata msitu kutoka kila upande.

Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, haiko mbali na hayo yote. Mji umejaa watu waliokimbia vita, na nyumba nyingi hupikia makala. Katika tanuru ya udongo, kilo 10 za kuni hutoa kilo moja au mbili za makala. Nguvu nyingi hupotea kwa moshi. Hivyo kila gunia linaloingia sokoni limemaliza miti mingi kuliko linavyoonyesha. Kumlaumu mchomaji peke yake hakufai kitu, kwa kuwa anachoma kinachonunuliwa. Mkimbizi naye hawezi kuambiwa aache kuni kabla hajaonyeshwa atapikia nini.

Kwa hiyo wito huu unamhusu mnunuzi sawa na mchomaji. Jambo la kwanza ni jiko. Mbabula iliyoboreshwa, yenye ukuta wa udongo unaotunza joto, hupunguza makala ya kila siku, na mafundi wa mjini wana uwezo wa kuitengeneza. Vikundi vya akina mama, parokia na makanisa mengine viinunue kwa pamoja ili bei ishuke.

Jambo la pili ni miti ya kuchoma. Mikaratusi na akasia huvunwa baada ya miaka michache. Kila mwenye kiwanja nje ya mji atenge sehemu kwa ajili ya miti hiyo, mbali na chemchemi, kwani mikaratusi hunywa maji mengi. Salongo, kazi ya pamoja inayosafisha mitaro ya komuni za Mbunya, Nyakasanza na Shari, ipewe pia kazi ya kupanda miti kandokando ya mito na kwenye miteremko inayomomonyoka. Ipangwe zamu ya kuitunza, kwa sababu mche usio na mwenyewe huliwa na mbuzi.

Jambo la tatu ni haki ya ardhi. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bure na kwa muda usio na mwisho. Hati hutiwa sahihi na gavana wa jimbo. Vijiji vyenye usalama viombe sasa, vikichora mipaka pamoja na majirani ili msitu usiwe chanzo kingine cha ugomvi. Wambuti na Waefe, watu wa asili wa msitu, wakae mezani tangu siku ya kwanza: sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao.

Jambo la nne ni hesabu. Pesa za tabianchi zinatolewa kwa jina la msitu huu, na Ituri iliwekwa miongoni mwa majimbo ya PIREDD Orientale, mradi wa kupunguza ukataji wa misitu. Mashirika ya kiraia, redio za mji na vyuo vikuu vya Bunia vidai orodha ya kazi, mahali zilipofanyika na gharama zake, kisha viitangaze kwa Kiswahili. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyatetea. Kuuliza hesabu ni sehemu ya wajibu huo.