Upasuaji wa kupunguza uzito: Kazi huanza mgonjwa akirejea nyumbani

MWANAMKE mmoja alifariki jijini Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2024 baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta katika kliniki ya kibinafsi. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno Nchini (KMPDC) liliifunga kliniki hiyo na mjadala mkali ukazuka. Katika kelele hizo, mambo mawili tofauti yalichanganywa, na wakazi wa Kitengela na Kajiado wanaoazimia kusafiri hadi Nairobi kutafuta huduma hii wanafaa kuyatenganisha mapema.

Kufyonza mafuta hurekebisha umbo tu. Hakutibu unene wa kupindukia, wala kisukari. Upasuaji wa kupunguza uzito ni jambo jingine kabisa: katika aina moja, takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa milele, katika nyingine, kifuko kidogo cha tumbo huunganishwa moja kwa moja na utumbo. Hiyo ni tiba ya maradhi, si urembo.

Haja ipo. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi kiasi. Kajiado inaishi na kinaya chake: wafugaji walipokuwa wakihesabu mizoga ya ng'ombe katika ukame wa 2020 hadi 2023, mkazi wa Kitengela alikuwa akishinda ameketi, kwenye matatu na ofisini, kisha jioni akapitia chipsi. Na bado kitambi husifiwa kuwa dalili ya neema!

Si kila mnene anayestahiki kisu. Gawa uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka jibu liwe 40, au 35 ikiwa mtu ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 viwango hivyo vilishushwa hadi 35, na 30 kwa wenye maradhi kama kisukari. Mwanamke wa mita 1.6 mwenye kilo 90 amefikia 35.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa atarajie kupimwa damu, moyo na pumzi, na pengine kuingizwa kamera tumboni. Ataagizwa kuacha sigara na kula chakula chepesi kwa takriban majuma mawili ili ini, ambalo hulifunika tumbo, lipungue. Atahojiwa pia kuhusu mazoea yake ya kula na hali yake ya akili. Hospitali inayokupokea leo na kukupasua kesho bila hayo, ikimbie. Jina la daktari na la kituo lithibitishwe kwenye sajili ya KMPDC kabla ya kulipa hata shilingi.

Majuma ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo ya hatari. Mshono unaweza kuvuja au damu ikaganda mguuni na kupanda mapafuni. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au pumzi kukatika si mambo ya kungojea asubuhi. Mgonjwa hunywa vinywaji tu kwa majuma mawili hivi, kisha vyakula vilivyopondwa, na hurejelea chakula cha kawaida baada ya majuma sita hadi manane. Huhitaji angalau gramu 60 za protini kila siku, ilhali yai moja lina gramu sita tu na tumbo linapokea vijiko vichache. Chai ya sukari nyingi yaweza kumtoa jasho, kumtetemesha na kumharisha. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1, na hilo laweza kuharibu neva na ubongo katika muda wa majuma machache. Nywele hupukutika kwa miezi kadhaa, ngozi hulegea, na kilo kadhaa zaweza kurudi. Wanawake hushauriwa wasishike mimba kwa miezi 12 hadi 18. Tembe za kupanga uzazi huenda zisitegemewe baada ya utumbo kuunganishwa upya.

Vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote, na hapa ndipo hesabu za familia nyingi huenda mrama. Mchango wa jamaa hulipa bili ya upasuaji mara moja. Nani atalipia madini ya chuma, vitamini B12 na nauli mwaka wa tano? Kutoka Kitengela hadi Nairobi ni kilomita 30 hivi. Kutoka mjini Kajiado ni karibu 80. Mgonjwa akizidiwa usiku wa manane, atakayempokea ni afisa wa kliniki wa zamu katika hospitali ya kaunti, si daktari aliyempasua. Kwa hivyo atoke Nairobi na barua inayoeleza alichofanyiwa na nambari ya kupigia, naye waziri wa afya wa kaunti ahakikishe maafisa hao wamefunzwa kuzitambua dalili hizo.